Tisini na Tisa

Siku ya tisa ya ugonjwa wake, Mzee Anyosisye Mwaipaja aliamka akiimba. Tusekile alimsikia tangu akiwa nje anakung'uta matope kwenye mabuti, na moyo wake ukatulia. Mtu anayeimba besi saa moja asubuhi, tena kwa baridi hii ya Tukuyu, hafi leo. Ndivyo alivyojiambia. Kweli wimbo ulikuwa unakatika katikati ya mstari, unanyamaza kidogo, halafu unaendelea pale ulipoachwa. Lakini mzee alikuwa na miaka sabini na minne, na hata kanisani kwaya ilishazoea kumsubiri.

Alikaa kwenye kigoda chake ukutani, upande wa nje, akafungua kidirisha kidogo cha mbao ambacho chakula kilipitia.

"Ndaga, Baba. Umeamkaje?"

"Ndaga, mkamwana. Mzima kama chuma. Mvua imekunyeshea?"

"Imeninyeshea kidogo."

"Hii mvua haina adabu," mzee akasema, akacheka, akatulia kuvuta pumzi, akacheka tena.

Tusekile hakuchungulia. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, wala baba mkwe hamtazami yeye. Wakikutana njiani mwanamke anajifunika kanga, anaingia majanini mpaka mzee apite. Wengi walishaacha mambo hayo, wakaona ni usumbufu. Ukoo wa Mwaipaja haukuacha. Walichokubali, baada ya vikao vitatu na mbuzi mmoja, ni kwamba sauti inaweza kupita ukutani, kwa sababu ya kazi yake. Basi Tusekile alikuwa na miaka kumi na sita katika nyumba ile na hakujua baba mkwe wake ana macho ya namna gani. Alijua viatu vyake na kikohozi chake. Na alijua jambo ambalo hata marehemu mama mkwe hakulijua: namna mwili wa mzee ulivyo kwa ndani.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa msawazishaji wa Watulizi kwa kijiji chote cha Kyambisi na vilima vyake. Mtulizi ni kidude kisichozidi punje ya haragwe, kimepandikizwa chini ya mtulinga wa kila mtu mzima. Kinasikiliza jumbe ambazo mwili unazituma ukishambuliwa, na zikizidi kinazizima. Kilitengenezwa baada ya mlipuko mkubwa, pale ilipogundulika kwamba wengi hawakuuawa na virusi vyenyewe. Waliuawa na kinga yao, iliyochelewa, kisha ikaja kwa hasira, ikapiga adui na nyumba kwa pamoja. Mama mkwe wake alikufa hivyo. Ndiyo maana familia hii ilikuwa ya kwanza kupanga foleni.

Kwenye kishikwambi chake Tusekile alisoma neno moja kwa kila mgonjwa. Tulivu kwa kijani. Angalizo kwa manjano. Hatari kwa nyekundu. Mzee alikuwa Tulivu, kama jana na juzi.

"Kibanio cha oksijeni kinasemaje leo, Baba?"

"Subiri nivae miwani." Pumzi mbili, tatu. "Haya. Jana ilikuwa tisini na nane, siyo? Leo tisini na tisa! Kesho nafunga mia, mkamwana. Kesho kutwa nalima."

Tusekile akaandika 99, na akacheka kwa sauti, peke yake, kwenye mvua.

*

Harufu ilimjia alipokuwa anafunga kidirisha. Ndizi zilikuwa zinaungua.

"Baba, jiko umelizima?"

"Jiko lipi?"

"La umeme. Kuna kitu kinaungua huko ndani."

Akasikia slipa zikiburuta, sufuria likigongwa, mzee akiguna. "Aisee! Zimekuwa mkaa kabisa. Na moshi huu wote! Mimi sijasikia hata chembe ya harufu. Tangu siku ya pili, mwanangu, hata kahawa ni maji ya moto tu."

Hilo alikuwa amelisema siku ile ya pili, na Tusekile aliliandika mahali pa dalili ndogondogo. Pua ndiyo lango la kwanza. Virusi vile havina nguvu ya kuvunja mlango. Vina miiba, na ncha ya mwiba inaingia kwenye kitasa kilicho juu ya seli zetu, kitasa ambacho mwili umejiwekea kwa kazi yake nyingine kabisa, ya kusawazisha msukumo wa damu. Vitasa hivyo viko puani, viko mapafuni, kwenye mishipa, moyoni, hata tumboni. Kirusi kikishaingia kinailazimisha seli iache shughuli zake na ianze kutoa nakala zake, maelfu kwa maelfu. Na mapema kabisa kinaziba kengele ya seli ile, ili majirani wasisikie. Ujanja wake uko kwenye kimya cha siku za mwanzo.

Tusekile aliyajua haya yote. Aliyasomea. Kitabu cha kazi kilisema wazi: kabla ya siku ya saba usimshushe mgonjwa kinga kwa Mtulizi, mwache apate homa, homa ya mwanzo ni kengele. Lakini siku ya tatu Mzee Anyosisye alikuwa na joto la thelathini na tisa, viungo vinamvunjika, na alisema mara moja tu kupitia kidirisha: "Mkamwana, nipunguzie moto huu."

Baba mkwe hasemi mara mbili. Mkamwana wa Mwaipaja hambishii. Tusekile alimshusha ngazi mbili, akaomba Mungu, na saa moja baadaye mzee alikuwa anaomba uji. Siku ya tano Mamlaka ya Utulivu, iliyokuwa inahangaika kutafuta habari njema, iliona namba zake, ikazipenda, ikaagiza wagonjwa wote wa vilima vile washushwe hivyohivyo. Mia tatu na kumi na mmoja. Walikiita Kipimo cha Mwaipaja, na mzee alifurahi mno kwa jina hilo.

Sasa Tusekile alisimama na kutazama tena kishikwambi. Chini ya neno la kijani palikuwa na mstari mdogo ambao hakuna anayeusoma: mpigo wa moyo mia moja ishirini na nne. Pembeni mtambo umekisia sababu. *Uimbaji.*

*

Alirudi kwenye kigoda. Alimimina chai kutoka kwenye chupa, akakosa hamu nayo. Kwa mazoea tu, mkono ukikosa cha kufanya, akachukua kibanio cha akiba mfukoni akajibana kidole. Akakunja kiganja, ncha za vidole zikimwelekea yeye mwenyewe, kama anavyofanya siku zote kazini. Tisini na nane. Mzima. Akanyoosha mkono uleule kuchukua kikombe, vidole vikatazama mbele, na macho yake yakaangukia kibanio kwa upande wa pili.

Themanini na sita.

Alikunja kiganja. Tisini na nane. Akanyoosha. Themanini na sita.

Vibanio vile vya bei nafuu havina herufi wala alama, ni tarakimu mbili tu zinazowaka, na vilitengenezwa visomwe na mtu aliyekaa mbele ya mgonjwa, ana kwa ana. Mke, mtoto, muuguzi. Hakuna aliyefikiria mgonjwa aliyefungiwa peke yake, ananyoosha mkono wake mwenyewe na kusoma kutoka nyuma ya vidole, kwa sababu mtu pekee anayeruhusiwa kuja kwake ni mtu asiyeruhusiwa kumtazama.

Tusekile alichukua daftari. Akaandika 99 kwa tarakimu kubwa. Aligeuza daftari juu chini, ingawa alishajua atakachokiona.

Sitini na sita.

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu, nimefanya nini mimi."

Jana ilikuwa themanini na sita, leo sitini na sita, na yeye alikuwa amecheka. Ndani mzee alianza tena wimbo, kipande baada ya kipande. Utauliza, mtu wa sitini na sita anaimbaje? Kifua hakilii sana kwa kukosa oksijeni, kinalia hewa chafu ikijaa ndani. Na hewa chafu inapata njia ya kutoka kirahisi hata kwenye mapafu yaliyoharibika. Vifuko vya hewa vinaweza kuziba kimoja kimoja, damu ikaanza kuganda kwenye mishipa iliyo myembamba kuliko unywele, na mwenyewe akaona yuko salama, tena akachangamka, kwa sababu ubongo nao umeshaanza kulewa.

Alipiga simu kituo kikuu, mkoani. Aliipokea dada mmoja mwenye sauti ya usingizi.

"Nahitaji gari na oksijeni. Kyambisi, kwa Mwaipaja."

"Mwaipaja wa Kipimo?" Dada alichangamka. "Namwona hapa. Tulivu huyo."

"Si tulivu. Ana sitini na sita."

"Namba uliyotuma asubuhi ni tisini na tisa."

"Imesomwa vibaya. Dada, nisikilize, anakufa huyu."

"Pole, dada yangu. Gari haliitwi na mtu siku hizi, linaitwa na mtambo. Mgonjwa akifika Hatari linaondoka lenyewe, hata mimi silizuii. Dakika sabini mko nalo hapo. Rangi inatoka kwa Mtulizi wake, si kwa kibanio. Akiwa kijani siwezi kitu."

Wilaya nzima haikuwa na mtungi hata mmoja wa oksijeni. Mitungi iliondolewa miaka mingi iliyopita, kwa kuwa hapakuwa tena na anayeihitaji. Ili gari lije, mzee alipaswa kuwa nyekundu. Na ili awe nyekundu, ni yeye Tusekile wa kumpandisha kwa mkono wake, kukiamuru kile kidude kiache kuzima, na kuiachia kinga ya mwili siku tisa za hasira kwa mkupuo mmoja, juu ya mapafu yale.

Akampigia mumewe. Gwamaka alikuwa Tunduma na lori lake, amezuiliwa mpakani wiki ya pili. Alisikiliza yote bila kukatiza.

"Akipanda atapona?" aliuliza mwishoni.

"Sijui."

"Asilimia ngapi, Tuse? Wewe si mtaalamu?"

"Gwamaka, sijui. Akipata oksijeni mapema, labda. Nikimwacha hivi hafiki kesho. Ataimba, atalala, basi."

Honi za malori kwa mbali.

"Mama aliungua siku mbili," Gwamaka akasema. "Wewe ulikuwa hujaja kwetu. Mimi nilikuwa nimemshika mkono. Alikuwa ananiuliza kwa nini nimemmwagia maji kifuani. Mwache baba aende akiimba. Nakuomba, mke wangu."

Alikata simu kwanza yeye, na Tusekile alijua analia.

*

Akavaa barakoa, akavaa koti la plastiki na glavu. Kwa mazoea mkono ulivuta kanga kufunika kichwa, akauzuia. Akapiga moyo konde, akasukuma mlango.

"Nani?" Mzee alikuwa amekaa kitandani. Alipoona gauni, alijivutia blanketi kichwani haraka, akageukia ukutani. "Mkamwana! Umepotewa na akili? Toka! Toka, nasema!"

"Nisamehe, Baba."

"Unanivua nguo, mtoto wewe. Toka!"

Mkono mmoja ulibaki nje ya blanketi. Tusekile akapiga magoti, akaushika. Ulikuwa mkubwa na mgumu, wa mkulima wa chai, na kucha zake zilikuwa na rangi ya zambarau lililoiva. Rangi hiyo hakuna mtambo uliowahi kumwambia. Mtu yeyote mwenye macho angeiona juzi. Akambana kibanio, akakisoma ana kwa ana kama kilivyotakiwa kusomwa. Sitini na nne.

Akamweleza. Alimweleza yote, ya namba, ya gari, ya ngazi mbili za siku ya tatu. Blanketi lilikuwa linapanda na kushuka haraka mno.

"Lakini najisikia vizuri," mzee akasema.

"Najua, Baba. Hilo ndilo tatizo."

"Kwaya wameshafika?"

"Bado, Baba. Hakuna kwaya leo."

"Ah." Pumzi nne, tano. "Mwanangu anasemaje?"

"Anasema nikuache."

"Na wewe?"

"Nataka kukupandisha. Utaungua, Baba, sikufichi. Utaumia. Labda gari litawahi."

Blanketi likapanda, likashuka. Kisha sauti ikatoka chini ya blanketi, ndogo, na kwa muda ilikuwa sauti ya mtu mwenye akili zake zote.

"Siku ile nilikuomba mara moja, ukafanya palepale."

"Ndiyo, Baba."

"Ungenibishia, mwanangu," mzee akasema. "Mbona hukunibishia?"

Tusekile alisubiri aseme ndiyo au hapana, na mzee hakusema. Alikuwa amerudi kwenye wimbo wake, anatafuta mstari wa pili na haupati. Sasa ruhusa ya mtu wa sitini na nne ni ruhusa gani? Na kimya chake je? Saa tatu na dakika kumi, Tusekile akafungua kishikwambi, akampandisha ngazi tatu. Alifanya hivyo bila idhini ya mtu yeyote, wala hakujidanganya kwamba anayo.

Dakika ya kumi na tano neno likawa Angalizo. Ya ishirini na mbili likawa Hatari, na mtambo ukamjulisha kwa mlio mzuri kwamba gari limeondoka. Mzee alianza kutetemeka. Askari wa mwili, waliofungiwa siku tisa, waliingia mapafuni wote kwa pamoja, na mishipa ikafunguka kuwapisha, na maji ya damu yakavuja yakajaa kwenye vifuko ambavyo bado vilikuwa vinafanya kazi. Wakala seli zilizoambukizwa na zisizoambukizwa. Tusekile aliyaona hayo kama mistari inayopanda kwenye kioo, na pembeni yake aliyaona kwa macho. Mzee alikohoa mpaka kitanda kikagonga ukuta.

"Unanimwagia maji," alisema. "Nani ananimwagia maji?"

"Hakuna, Baba. Hakuna maji. Vumilia, gari linakuja."

Dakika ya arobaini joto lilimshinda, akalitupa blanketi mwenyewe.

Basi akamwona. Alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi ya kushoto. Alikuwa na masikio ya Gwamaka, na macho ya kahawia iliyopauka, na mdomo uleule wa bluu uliokuwa unamwambia kila asubuhi kwamba yeye ni mzima kama chuma. Mzee alimtazama, akamtambua, na midomo ikajaribu neno. Kisha akafumba macho, kwa nguvu, kwa heshima, kama baba mkwe anavyotakiwa. Hakuyafumbua tena. Alikufa dakika ya hamsini na nane, na Tusekile akalia kwa sauti kubwa, akimwomba msamaha mtu asiyesikia.

*

Gari lilifika dakika ya sabini kamili tangu liondoke. Walishuka watu wawili na mitungi miwili, imejaa. Dereva alikuwa mtu mzima, alivua kofia mlangoni.

"Pole sana, mama. Tumekimbia tulivyoweza."

"Niachieni mitungi."

"Haifunguki hivihivi. Inafunguka kwa namba ya mgonjwa aliye Hatari tu." Akatazama kioo cha gari, akasita. "Una mwingine hapa kijijini? Maana kama hakuna, mtambo umeshaniita nirudi."

Tusekile akafungua orodha. Mia tatu na kumi na mmoja, wote kwa kipimo kimoja, wote kijani, kuanzia juu hadi chini. Hakujua nani kati yao anasomewa kibanio chake ana kwa ana na nani anakisoma kwa nyuma. Hakujua kama oksijeni ingemwahi mzee angepona. Alikuwa amemchoma mtu mzimamzima na hakujifunza chochote cha kumsaidia mwingine. Jina la kwanza lilikuwa la Bi Subilaga, mwalimu mstaafu, kilima cha pili, dakika tano kwa gari. Anaishi peke yake.

Akampigia, na simu iliita mara moja tu.

"Tusekile! Ndaga, mwanangu. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Ndaga, mwalimu. Unajisikiaje?"

"Mimi? Vizuri mno. Nimefagia." Pumzi. "Hata uwanja nimefagia."

"Kibanio kinasomaje?"

"Tisini na tisa! Jana kilikuwa tisini na nane." Pumzi, pumzi. "Mwambie Mzee Mwaipaja kipimo chake ni dawa."

Dereva alikuwa anamtazama, injini inanguruma. Kidole gumba cha Tusekile kilikuwa tayari juu ya ngazi kwenye kishikwambi.

"Bi Subilaga," akasema, "nataka kukufanyia jambo baya sana. Nibishie. Tafadhali, mama, nibishie."

Upande wa pili Bi Subilaga akacheka, akatulia kuvuta pumzi, akacheka tena.

"Nikubishie nini, mwanangu? Wewe ndiye unayejua."